Tafakari ya Juma: Fedha ya Tobiti na Mwalimu Wetu Aliye Ughaibuni



Juma hili walifika ofisini kwetu mume na mke, wote wawili walimu kwa taaluma, wakiomba barua ya paroko. Mke amepata nafasi ya kufundisha katika shule ya binafsi katika mojawapo ya nchi za Ghuba. Mume atabaki na watoto. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema anacho, shahada yake imekwisha kupigwa mihuri Wizara ya Mambo ya Nje, ila wameona kwamba barua ya padre haitadhuru. Tukaiandika. Tangu tukabidhiwe parokia hii tumeandika barua za namna hiyo nyingi kiasi kwamba maneno yake tunayajua kwa ghibu: fulani ni Mkatoliki mbatizwa, mshiriki mwaminifu wa Jumuiya yake, mwenye tabia njema, nasi twamtakia heri.

Walipotoka tulibaki na kalamu mkononi, tukikumbuka barua nyingine iliyotoka katika ofisi hii hii, ikienda huko huko Ghuba, ambayo haikumtakia mtu heri yoyote. Kwa ajili ya barua hiyo tumeona vema kuandika tafakari hii, tukianza na kosa letu wenyewe kabla ya kusema lolote juu ya makosa ya wengine.

Yupo binti wa parokia yetu, mwalimu wa hisabati, ambaye wengi wenu mwamfahamu. Ametupa ruhusa tusimulie habari zake mradi jina lake tulifiche. Alihitimu chuo kikuu mwaka 2008, akapewa nambari ya usajili na Tume ya Kuwaajiri Walimu, kisha akangoja kuajiriwa. Katika kungoja huko alifundisha miaka kumi akiwa mwalimu wa bodi, yaani yule ambaye mshahara wake hutoka katika karo ya wazazi: wazazi wakilipa, hulipwa, wasipolipa, huambiwa avumilie. Mwaka 2018 akaenda Qatar. Tulimbariki mbele ya altare, Jumuiya yake ikamfungia kanga na rozari, mama yake akalia, nasi tukapiga makofi.

Mwezi Machi mwaka 2020 ibada za hadhara zilisimamishwa nchini kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Makanisa yakafungwa, na sadaka ikakatika siku ile ile. Paa la kanisa la kigango chetu kimoja lilikuwa limeng'olewa nusu, mbao zikinyeshewa. Baraza la Parokia likakaa, likatazama nani anaweza kusaidia, na jibu likapatikana upesi mno: walio ng'ambo. Yakaorodheshwa majina kumi na moja. Kila mmoja akaandikiwa kwa WhatsApp barua yenye mhuri wa parokia, ikimkadiria shilingi 40,000. Sisi, paroko wenu, ndio tuliotia sahihi. Katika barua ile hapakuwa na sentensi hata moja iliyouliza, «U hali gani?»

Binti yetu alituma fedha zote baada ya siku tisa. Tukamtangaza Dominika ya kwanza tuliyofunguliwa, tukamwita mfano wa kuigwa, paa likaezekwa.

Miaka miwili baadaye alikuja kumzika baba yake. Siku moja kabla ya kurudi alifika ofisini kutuaga, na katika mazungumzo, bila uchungu wowote, akasema mambo ambayo hatukuyajua. Tangu Aprili ya mwaka ule 2020 shule yake ilikuwa imekata mishahara nusu, masomo yakifanyika kwa njia ya mtandao. Mwezi wa Juni hakulipwa kabisa. Shilingi 40,000 zile alizikopa kwa mwalimu mwenzake Mfilipino, akazilipa kidogo kidogo mpaka Desemba. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu: «Padre, niliogopa msije mkasema nimebadilika.»

Wapendwa, jibu hilo limetukaa. Mtu amekwenda mbali kutafuta riziki, amekatwa mshahara, amekaa chumbani peke yake katika mji uliofungwa, na hofu yake kubwa haikuwa ugonjwa wala njaa. Alichokihofu ni parokia yake.

Tunawaomba mfungue Kitabu cha Tobiti, ambacho Wakatoliki tunacho katika Biblia lakini hatukisomi mara nyingi, labda siku ya harusi tu. Tobiti alikuwa mtu mwadilifu aliyechukuliwa mateka mpaka Ninawi. Akapofuka, akafilisika. Ndipo akakumbuka kwamba talanta kumi za fedha alikuwa ameziweka kwa jamaa mmoja katika nchi ya Media, akaamua kumtuma mwanawe wa pekee, Tobia, akazilete. Sote twaikumbuka safari: malaika Rafaeli aliyejifanya msafiri, samaki wa mtoni, Sara na ndoa yake. Tunayemsahau ni mama. Anna alipoona mtoto anaondoka alilia, akamuuliza mumewe kwa nini amemtuma kijana wao, akasema kwamba riziki waliyokuwa nayo iliwatosha na fedha ile isingekuwa bei ya mtoto. Na siku za safari zilipopita bila mtu kurudi, kila siku alitoka akakaa akiitazama njia aliyoondokea mwanawe.

Hatusemi kwamba Tobiti alikosa kumtuma kijana. Nyumba ilikuwa na dhiki ya kweli, na fedha ile ilikuwa haki yao. Na ni mkono wa Mungu uliomwongoza Tobia njiani. Lakini Maandiko Matakatifu hayakumnyamazisha Anna. Yameandika kilio chake pamoja na sala ya mumewe, katika kitabu kimoja. Sisi katika parokia hii tumekuwa tukiisoma sala ya Tobiti peke yake, na kuzihesabu talanta.

Kuna jambo lingine katika habari hiyo ambalo kila familia inayompeleka mwalimu Ghuba ingefaa ilisome kwa makini. Tobiti, pamoja na utakatifu wake wote, hakumkabidhi mwanawe kwa msafiri asiyemjua. Alimhoji Rafaeli juu ya kabila na ukoo wake. Kisha akapatana naye ujira: drakma moja kwa siku, pamoja na gharama za njiani, na nyongeza wakirudi salama. Malaika wa Bwana alisailiwa na kupatana mshahara kabla ya kuvuka kizingiti! Nasi twawaona vijana wetu wakimpa wakala pasipoti, fedha za «usajili», fedha za «viza» na fedha za «daktari», huku mkataba hawajauona, wala hawajui wakala huyo ana ofisi wapi.

Hapa tuseme wazi, kwa kuwa wapo wanaodhani padre atoe baraka tu na mambo ya mikataba awaachie wengine. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala waliopewa leseni. Jina lisipokuwemo, mazungumzo yaishie hapo. Mkataba wa Kimataifa nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, waweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 yamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama za kumwajiri. Basi mwalimu anapoambiwa auze shamba alipie «nafasi», ajue kwamba kwa kawaida nafasi ya kweli haiuzwi hivyo. Tena asikubali kusafiri kwa viza ya matembezi kwa ahadi kwamba mambo yatarekebishwa huko huko. Anayesafiri hivyo hufika akiwa mgeni asiye na kazi kisheria, na kila neno la mwajiri huwa sheria kwake.

Mtu aliyefika kwa njia halali naye ana lake la kujua. Nchi za Ghuba zimekuwa na mfumo wa udhamini uitwao kafala, ambamo kibali cha kuishi cha mgeni hufungamana na mwajiri wake. Mfumo huo umelegezwa kwa viwango mbalimbali. Huko Qatar alipo binti yetu, wafanyakazi wengi waliondolewa sharti la kibali cha mwajiri ili kutoka nchini mwaka 2018, na mwaka 2020 likaondolewa sharti la ruhusa ya mwajiri ili kuhamia kazi nyingine. Tangu 2015 mishahara huko imetakiwa kulipwa kupitia benki, ili iweze kufuatiliwa. Haya ni mema, na yapasa kutajwa kwa haki. Lakini sheria njema haimsaidii asiyeijua, wala haimsaidii sana mwalimu ambaye akiacha kazi katikati ya mwaka anapoteza nyumba aliyopewa na shule, tiketi, na pengine nafasi ya shule ya mtoto wake.

Na liko jambo ambalo walimu wetu hutusimulia kwa sauti ya chini. Katika shule nyingi za binafsi za huko, mshahara hufuata pasipoti. Matangazo ya kazi husema waziwazi kwamba wanatafutwa walimu kutoka Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ayalandi au Afrika Kusini. Mkenya aliyefaulu kuingia huweza kufundisha hisabati zile zile, darasa lile lile, kwa Kiingereza safi, akalipwa sehemu tu ya anacholipwa jirani yake. Hili ni dhuluma, hata kama aliyedhulumiwa anapata zaidi ya alichokuwa akipata nyumbani. Tusilibatize jina lingine. Mafundisho ya jamii ya Kanisa, tangu Papa Leo wa Kumi na Tatu mwaka 1891, yameshikilia kwamba mapatano baina ya mwajiri na mwajiriwa hayatoshi kuufanya ujira kuwa wa haki, kwa maana mwenye shida hukubali lolote.

Lakini kabla hatujainyoshea kidole Ghuba, tujitazame. Walimu wanagenzi walioajiriwa mwaka 2023 kufundisha sekondari msingi hapa nchini walipewa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakifanya kazi sawa na wenzao wa kudumu. Mwaka 2024 wakagoma. Shule zetu wenyewe za Kanisa, na tunasema haya tukijua yatatuletea maneno kutoka kwa wenzetu, hazijawahi kuwa na sifa ya ukarimu kwa mwalimu wa bodi. Binti yetu alifundisha katika mojawapo miaka minne. Hakuna aliyemwuliza kwa nini anaondoka.

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu ana haki ya kuiacha nchi yake kutafuta maisha bora, na vilevile ana haki ya kurudi. Ila akaongeza kwamba kuondoka huko ni hasara kwa nchi inayoachwa, inayompoteza mtu ambaye akili na jitihada zake zingaliijenga. Papa huyo alishika mambo yote mawili kwa pamoja, na hilo ndilo linalotushinda. Baadhi yetu twasema, «Waende wote, hapa kuna nini?» Wengine twasema, «Wametutupa, watoto wetu watafundishwa na nani?» Ukweli ni kwamba kidato cha nne cha shule yetu ya kigango kilikaa muhula mzima bila mwalimu wa hisabati baada ya yeye kuondoka. Na ukweli ni kwamba watoto wake wawili hawajarudishwa nyumbani kwa karo hata mara moja tangu 2018.

Watoto hao ndio wanaotufikisha penye uzito zaidi.

Wanalelewa na bibi yao. Mama yao anapoanza juma la kazi ni siku ya Dominika, kwa kuwa huko Qatar mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, kama ilivyo pia Kuwait, Bahrain, Omani na Saudia. Falme za Kiarabu zilihamishia mapumziko yao Jumamosi na Dominika mwezi Januari 2022, lakini kwingineko mwalimu Mkatoliki husali Misa ya Dominika siku ya Ijumaa, kama Kanisa la huko linavyoruhusu. Kwa hiyo saa wanapoketi watoto wake katika benchi la tatu upande wa kushoto, yeye yuko ubaoni. Saa za Doha na saa za kwetu ni zile zile, hazipishani hata dakika moja. Ni siku ya Bwana tu inayopishana. Bibi alitueleza kwamba mjukuu mdogo aliwahi kumuuliza kama mama ameacha dini.

Hapana, mwanangu, hajaacha. Na pengine ameishika kuliko sisi. Kanisa la Bikira Maria wa Rozari la Doha lilifunguliwa mwaka 2008, juu ya ardhi iliyotolewa na Amiri wa nchi, mbali na katikati ya jiji. Nje halina msalaba wala kengele. Ndani siku ya Ijumaa hujaa watu wa mataifa, Wafilipino, Wahindi, Walebanoni, Wasri Lanka, Waafrika, Misa zikifuatana kwa lugha mbalimbali tangu asubuhi hadi usiku. Mwalimu wetu, baada ya kufundisha siku tano, hutumia asubuhi ya siku yake ya mapumziko kuwafundisha watoto wa wenzake katekisimu kwa ajili ya Komunyo ya kwanza. Hapa kwetu, tukitangaza kwamba tunahitaji makatekista wa kujitolea, watu huanza kutazama saa.

Wala asidhani mtu kwamba amekwenda kuishi kati ya maadui. Sisi wa Pwani tungekuwa watu wa mwisho kusema hivyo. Jirani zetu ni Waislamu, futari tumeila, misiba tumezikana, na upepo wa kaskazi umeleta majahazi ya Waarabu katika bandari zetu kwa karne nyingi. Anayefika Muscat hustaajabu kukisikia Kiswahili sokoni, kikisemwa na familia zilizotoka Unguja na Bara. Mwaka 1970, Sultani Qaboos alipotwaa utawala, Omani nzima ilikuwa na shule tatu tu za kisasa, na miongoni mwa waliorejea kuijenga walikuwamo wasomi wa Kizanzibari, walimu na waganga. Njia hii ya mwalimu kutoka kwetu kwenda Ghuba si ngeni basi. Papa Fransisko alipokwenda Abu Dhabi mwezi Februari 2019, ilikuwa miaka 800 tangu Mtakatifu Fransisko wa Asizi amwendee Sultani wa Misri, akatia sahihi pamoja na Imamu Mkuu wa Al-Azhar hati juu ya udugu wa kibinadamu. Mwalimu wetu haruhusiwi kuhubiri darasani, wala hajaribu. Anafundisha milinganyo kwa uaminifu, hafokei watoto, na mwezi wa Ramadhani hunywa maji yake faraghani kwa heshima. Wazazi wa Kiislamu humwombea dua. Huo nao ni ushuhuda.

Tunayasema haya kwa sababu ya maneno yanayosemwa hapa kwetu, tena si nje ya kanisa, bali kwenye ngazi zake baada ya Misa. Kwamba mwanamke aliyeacha watoto ni mama gani. Kwamba fedha za Uarabuni, Mungu ndiye ajuaye zimepatikanaje. Turudi kwa Tobiti. Alipokuwa kipofu, mkewe Anna ndiye aliyefanya kazi ya kufuma kwa ujira. Siku moja waajiri wake walimlipa, wakamwongezea mwana-mbuzi. Tobiti alipomsikia akilia nyumbani alimshuku mkewe kuwa amemwiba, akaamuru arudishwe kwa wenyewe, na alipoambiwa ni zawadi hakusadiki. Anna akamjibu kwa ukali, na kwetu sisi jibu lake lilikuwa la haki. Hata mtu mtakatifu aliweza kula jasho la mwanamke na papo hapo akamtilia shaka. Sisi tumelifanya kwa miaka: twaitazama bahasha kwa shaka, lakini haturudishi bahasha.

Usiku wa Jumatatu tarehe 23 Juni 2025 makombora ya Irani yalirushwa kuelekea kambi ya jeshi la Marekani ya Al Udeid, nchini Qatar. Anga ikafungwa. Namshukuru Mungu, hakuna aliyeuawa. Lakini kwa saa kadhaa simu ya binti yetu haikupatikana, na bibi alikuja hodi nyumbani kwa mapadre na watoto wote wawili, mmoja bado amevaa sare ya shule. Akauliza: «Padre, tumpigie nani?» Tukafungua faili la parokia. Tulikuta orodha ya mwaka 2020, majina kumi na moja na viwango vyao vya michango, waliolipa wakiwa wamewekewa alama. Hapakuwa na jina la shule anayofundisha. Hapakuwa na anwani, wala nambari ya rafiki, wala ya ubalozi wetu Doha. Miaka saba tulijua ametoa kiasi gani, hatukujua analala wapi. Alipiga mwenyewe karibu na usiku wa manane. Alikuwa salama, simu ilikuwa imeisha chaji.

Tumelifikisha jambo hili mbele ya Baraza la Parokia, na mjadala haukuwa mwepesi. Mzee mmoja, ambaye twamheshimu, alisema kwamba walio nje hupenda kuombwa, kwani kuombwa ni ishara kwamba bado ni wa kwetu. Ana hoja, tumeyasikia hayo hata kwao wenyewe, na mtu asiyeombwa kamwe huweza kujiona amefutwa. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia ndugu, «Tunajenga, ukijaliwa tushike mkono,» na kumkadiria kiasi kana kwamba ni kodi. Mwisho tumekubaliana kwamba hakuna barua ya makadirio itakayotoka tena katika ofisi hii kwenda kwa mtu aliye ng'ambo. Anayetaka kutoa, atoe kwa moyo wake. Kila Jumuiya iandikishe waumini wake walio nje: wanafanya kazi wapi, nani apigiwe simu panapotokea shida, na nyumbani wamemwachia nani watoto. Daftari hilo litakaa kwa katibu, si kwa mweka hazina.

Tumekubaliana pia kuwatazama watakaorudi, kwa maana watarudi. Walimu wengi huko hawatapata uraia. Kibali kikiisha, safari imeisha. Pensheni ya huko kwa kawaida ni ya wenyeji, mgeni hupewa kiinua mgongo tu anapoondoka. Tumewaona wanaorejea na sanduku mbili na nyumba isiyokwisha, wakakuta watoto wamekuwa wageni na Jumuiya imewazoea wakiwa mbali. Huyo naye anahitaji kusindikizwa, kama alivyosindikizwa siku ya kuondoka, ingawa safari hii hakuna wa kumpigia makofi.

Kuhusu shilingi 40,000 zile, tuliona haya hata kulitaja neno la kuzirudisha, kwani zimo juu ya vichwa vya watu wa kigango. Tuliamua kumwandikia. Mara hii barua ilikuwa fupi, ikimwuliza hali yake, kazi yake, kama analala vema, ikimweleza kwamba mwanawe mkubwa ameanza kutumikia altareni na kwamba bibi anaendelea vizuri na mguu. Hatukuomba kitu.

Alijibu baada ya siku mbili: «Padre, asante. Lakini nimesoma mpaka mwisho sijaona mnachohitaji. Kuna tatizo gani?»

Tumemjibu kwamba hakuna.

Jumamosi ijayo, baada ya Misa ya asubuhi, wote wenye ndugu walio nchi za Ghuba, na wote wanaojiandaa kwenda, tukutane katika ukumbi wa Mtakatifu Yosefu. Atakuwapo mwanasheria muumini wa parokia yetu atakayesoma mikataba bila malipo; njooni nayo, hata kama mmekwisha kuitia sahihi. Yule mama aliyetujia juma hili kuomba barua ameahidi kuja na mumewe. Tumemwomba asisafiri kabla ya siku hiyo.

Mungu awabariki nyote.